UZI: "Yauzwe!" "Yasiuzwe!" Soma kwanza meseji yako ya tokeni

1/ Mjadala wowote wa siasa ukifika kwa stima na maji, mambo ni yale yale. Mmoja anasema mashirika ya umma yameoza, yauzwe. Mwingine anasema hiyo ni mali ya mwananchi, isiguswe. Watu wanapiga makofi, kila mtu anarudi kwake, na stima zinapotea vilevile. Kwa uzi huu sitaji mwanasiasa wala chama. Nataka tupitie historia tu, halafu kila mtu abishane akiwa na kitu mkononi.

2/ Toa simu. Tafuta meseji ya mwisho ya tokeni. Wengi wetu tunanakili zile namba 20, tunaingiza kwa mita, basi. Hebu leo shuka chini kidogo. Kuna gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, EPRA, WRA, REP, mfumuko wa bei, VAT. Kila mstari una hadithi yake, na hadithi hizo ukiziunga ni historia ya nchi hii kwa miaka mia moja na zaidi.

3/ Kabla ya kwenda mbali, tutenganishe maswali matatu ambayo kwa jukwaa huwa yanachanganywa kuwa moja.
a) Nani ANAMILIKI nguzo, nyaya, mabomba na mitambo?
b) Nani ANAENDESHA kazi ya kila siku?
c) Nani ANADHIBITI bei, ubora na usalama?
Anayemiliki si lazima awe ndiye anayeendesha. Na anayedhibiti hafai kuwa yeyote kati ya hao wawili. Weka hayo akilini.

4/ Tuanze mwanzo. Mwaka 1875 Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash, alipata jenereta ya kuwasha taa za kasri lake na mitaa ya karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa aitwaye Harrali Esmailjee Jeevanjee aliichukua jenereta hiyo, ikaenda kwa kampuni ya umeme ya Mombasa. Mwaka huo huo, mhandisi Clement Hertzel alipewa haki ya peke yake ya kusambaza umeme Nairobi.

5/ Umeona hapo? Stima Kenya haikuanza kama mali ya serikali. Ilianza kama biashara ya watu binafsi, tena wakiwa wamelindwa wasipate mshindani. Kwa hivyo mtu akikuambia "tuirudishe kwa sekta binafsi ndiyo ushindani uje", mwambie sekta binafsi ilikuwepo kutoka siku ya kwanza. Ushindani ndio haukuwepo.

6/ Mwaka 1922 kampuni ya Mombasa na ya Nairobi ziliungana, ikazaliwa East African Power and Lighting. Mwaka 1932 ikanunua sehemu kubwa ya kampuni ya umeme ya Tanganyika, ambayo leo tunaijua kama TANESCO. Kampuni moja, nchi zaidi ya moja, na wateja wake ni mji, kiwanda, na nyumba ya mzungu. Kijiji hakikuwa kwenye hesabu. Na hapo sidhani ni chuki peke yake. Kampuni ya faida hupeleka waya mahali waya utalipa.

7/ Mwaka 1954 ikaundwa Kenya Power Company, kazi yake ikiwa kujenga laini ya kuleta umeme Nairobi kutoka Tororo, umeme wa bwawa la Owen Falls kule Jinja. Laini hiyo inapita Lessos, inapita Lanet hapa Nakuru, inaenda Nairobi. Stima ya Uganda ilipita juu ya Bonde la Ufa lote. Lakini waya wa umeme mkubwa hauwezi kuwasha taa ya nyumba mpaka ujengewe kituo cha kupunguza nguvu, na kituo kinajengwa penye wateja wa kulipa. Kwa wengi, stima ilikuwa kitu cha kupita juu ya kichwa.

8/ Baada ya uhuru, serikali iliingia kwa nguvu. Mwaka 1964 Tanzania ilinunua sehemu kubwa ya TANESCO kutoka kwa kampuni hiyo ya zamani. Kwetu hatukutaifisha moja kwa moja. Serikali ilinunua hisa, lakini kampuni ikabaki Soko la Hisa. Mpaka leo Kenya Power ni asilimia 50.1 ya serikali, zingine ni za wenye hisa binafsi. Sasa, hiyo ni ya umma ama ya binafsi? Ni zote mbili. Ndiyo maana ubishi wa "iuzwe ama isiuzwe" huwa unaanza vibaya: nusu yake ilikuwa sokoni zamani.

9/ Mstari wa kwanza wa meseji yako: REP. Huo ni ushuru wa kupeleka stima mashambani, asilimia 5. Mpango wa umeme wa vijijini ulianza 1973. Maana yake kwa Kiswahili rahisi: aliye na stima leo anamchangia jirani ambaye bado hana. Hakuna kampuni ya faida iliyojitolea kufanya hivyo. Ilibidi iandikwe, ikatwe kwa bili, ndiyo nguzo zianze kupanda milima.

10/ Hata hivyo nguzo zilienda polepole sana. Kuunganishiwa stima kulikuwa shilingi 35,000 hapo awali, na kwa mkulima mdogo hiyo ni ng'ombe. Mwaka 2015 mradi wa kufikia nyumba za mwisho ulishusha mpaka 15,000, na mtu angeweza kulipa kidogo kidogo. Katika miaka kumi hivi, nchi ilitoka kwa nyumba chache zenye stima mpaka zaidi ya asilimia 70. Pesa zilitoka wapi? Serikali na mikopo ya maendeleo. Soko peke yake lilikuwa limepewa zaidi ya miaka mia.

11/ Lakini tusiwe mashabiki wa serikali bila macho. Miaka ya tisini kampuni moja ilikuwa inafanya kila kitu: inazalisha, inasafirisha, inauza, na bei inapangwa na wakubwa wizarani. Hakuna anayeweza kuuliza nani amekosea, kwa sababu mwenye duka ndiye mkaguzi wa mizani. Wafadhili wakasimamisha mikopo ya sekta ya umeme mpaka mageuzi yafanyike.

12/ Mageuzi yakaja kwa vipande. Mwaka 1997 uzalishaji ulitengwa, na baadaye KenGen ikapata jina lake. Mwaka 1998 akaja mdhibiti wa umeme wa kwanza. Mwaka 2006 serikali iliuza asilimia 30 ya KenGen kwa wananchi, na watu wakapanga foleni kununua hisa. Mwaka 2008 ikaundwa KETRACO ya kujenga laini kubwa. Mdhibiti naye akabadilika jina mara mbili, na tangu Sheria ya Kawi ya 2019 anaitwa EPRA. Ule mstari wa EPRA kwa meseji yako ndio mshahara wake. Wewe ndiye unamlipa. Kumbuka hilo siku akiita wananchi kutoa maoni kuhusu bei na ukumbi ukabaki na viti vitupu.

13/ Sasa tuje kwa mistari miwili inayouma: mafuta na fedha za kigeni. Katikati ya miaka ya tisini, nchi ikiwa haina stima ya kutosha, kampuni binafsi za kwanza ziliruhusiwa kuzalisha na kuuzia gridi. Nyingi za mwanzo zilikuwa za kuchoma mafuta. Halafu ukaja ukame wa 1999 na 2000, mabwawa yakakauka, stima ikagawanywa kwa zamu. Mtu akiwa na kiu haulizi bei ya kikombe. Kandarasi za miaka mingi ziliendelea kusainiwa.

14/ Kandarasi hizo nyingi zina sharti moja: mwenye mtambo analipwa kwa kuwa TAYARI kuzalisha, hata kama stima yake haijachukuliwa. Ni kama kukodi lori la mahindi kwa msimu mzima. Libebe magunia mia ama lilale tu uani, mwenyewe analipwa. Tena analipwa kwa dola au yuro. Shilingi ikianguka, mstari wa fedha za kigeni unapanda kwa meseji yako, hata kama hukuwasha taa moja zaidi.

15/ Tuwe wa haki. Bila sharti kama hilo, ni vigumu kupata mtu wa kuweka mabilioni kwenye mtambo ambao mnunuzi wake ni mmoja tu. Na si kila mzalishaji binafsi anachoma mafuta. Olkaria, hapa hapa kaunti ya Nakuru, kuna wa umma na kuna wa binafsi, wote wanatumia mvuke wa ardhini. Shida haikuwa "binafsi". Shida ilikuwa kandarasi zilizosainiwa kwa haraka, kwa siri, na mdhibiti akiwa mchanga.

16/ Mwaka 2021 jopo la kuchunguza kandarasi hizo liliundwa, na wananchi wakaahidiwa bei ishuke kwa zaidi ya asilimia 30. Januari 2022 ikashuka kwa 15. Sehemu ya pili haikuja. Mwaka 2023 bei zikapanda tena. Hapo ndipo unaona ugumu wa jambo lenyewe: jukwaani bei ya stima inashushwa kwa sentensi moja, lakini kandarasi iliyosainiwa haisikii hotuba.

17/ Kabla tuache Olkaria. Mtambo wa kwanza ulianza 1981, na leo mvuke wa ardhini ndio chanzo kikubwa kuliko vingine vyote vya stima Kenya. Sheria ya 2019 inasema mrabaha wa mvuke ugawanywe: asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti, 5 jamii ya mahali. Watu wa Nakuru, hiyo asilimia 20 na ile 5 mmewahi kumuuliza mgombea yeyote? Tunauliza kuhusu kuuza mashirika, na hatuulizi kuhusu pesa ambayo sheria tayari inasema ni yetu.

18/ Sasa maji. Kwa stima angalau kuna meseji. Kwa maji wengi hatuna hata risiti. Wakati wa ukoloni, sheria ya maji ya miaka ya hamsini iliweka maji yote chini ya serikali, lakini kibali cha kuyatumia kilifuata ardhi. Mwenye shamba kubwa kando ya mto ndiye aliweza kuchota, kuzuia, kujenga bwawa. Kwetu Kabazi na Subukia yote, ambako ardhi nzuri ilikuwa ya walowezi, usihitaji mwalimu akuambie nani alibaki na mtungi kichwani.

19/ Baada ya uhuru watu walichimba mitaro wenyewe. Harambee. Kila nyumba inatoa mtu na jembe, serikali inaleta mabomba, maji yanashuka kwa mteremko kutoka chemchemi mpaka tangi. Mwaka 1974 serikali ikaahidi maji kwa wote ifikapo mwaka 2000. Mwaka 2000 ulifika. Ukapita. Mabomba yalizeeka, pesa za matengenezo hazikuwepo, na kwa sababu maji yalikuwa "ya serikali", hakuna aliyejua amshike nani shati.

20/ Sheria ya Maji ya 2002 ilijaribu kutenganisha yale maswali matatu ya mwanzo wa uzi. Mabomba na matangi yana mwenye mali. Kampuni ya maji inaendesha. WASREB inadhibiti bei na ubora. Mwenye kulinda mito na chemchemi naye akawa mamlaka tofauti, ambayo leo ni WRA (na ndiyo ile WRA ya meseji yako ya stima, kwa sababu mabwawa ya umeme yanatumia maji ya mto). Katiba ya 2010 ikasema huduma ya maji ni kazi ya kaunti, na Kifungu cha 43 kikasema maji safi ni HAKI. Sheria ya 2016 ikapanga upya kulingana na hayo.

21/ Kwa hivyo kampuni za maji za Nakuru, ya jijini, ya Naivasha na ya mashambani, ni za umma. Kaunti ndiyo yenye mali. Lakini ripoti za WASREB mwaka baada ya mwaka zinaonyesha kwamba nchini takriban asilimia 45 ya maji yanayosafishwa hayaleti hata shilingi: yanavuja, yanaibwa, ama mita haisomi. Katika kila mitungi kumi, zaidi ya minne imepotea. Ukiuza kampuni kama hiyo kesho, mnunuzi anarithi mabomba yale yale yanayovuja, na gharama ya kuyaziba atakutumia wewe kwa bili.

22/ Na asiye na bomba? Huyo tayari amebinafsishiwa, bila mjadala wowote. Piga hesabu: tuseme mtungi wa lita 20 unauzwa shilingi 20. Mitungi 50 ni lita 1,000, yaani shilingi 1,000. Mwenye bomba la kampuni hulipa sehemu ndogo tu ya hiyo kwa kipimo kile kile. Maskini ndiye ananunua maji ya bei ghali zaidi, kwa bodaboda ama punda, bila mdhibiti na bila kujua yametoka wapi. Huyo hazungumziwi jukwaani kwa sababu hana shirika la kuuzwa.

23/ Kuna wanaofikiri swali la udhibiti ni la makaratasi. Tarehe 9 Mei 2018, usiku wa mvua, bwawa la shamba la binafsi lilipasuka Solai, hapa karibu yetu. Watu wasiopungua 47 walikufa, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa nyumbani. Baada ya mkasa, mamlaka ya maji ilisema bwawa hilo halikuwa na kibali. Fikiria hilo polepole. Maji yalikuwa ya mtu. Sheria ya vibali ilikuwepo. Ofisi ya kukagua ilikuwepo. Ila ule ukuta haukusimamishwa na mtu yeyote mpaka maji yenyewe yalipoamua.

24/ Solai haikuwa hoja ya "binafsi ni mbaya". Mabwawa ya umma pia yanaweza kupasuka. Ilikuwa hoja ya swali la tatu, lile la (c), ambalo halina wapiga makofi. Hakuna mtu anajaza uwanja kwa kuahidi wakaguzi zaidi wa mabwawa. Lakini kwa watu wa chini ya ule ukuta, mkaguzi mmoja aliyefanya kazi yake angekuwa na maana kuliko ahadi zote za msimu huo.

25/ Majirani wamejaribu nini? Dar es Salaam ilikabidhi uendeshaji wa maji kwa kampuni binafsi mwaka 2003. Mwaka 2005 serikali ikavunja mkataba, ikisema ahadi hazikutimizwa, kazi ikarudi kwa shirika la umma. Uganda ilikodisha usambazaji wa umeme kwa Umeme kwa miaka 20 kuanzia 2005. Mkataba uliisha Machi 2025 na serikali ikarudisha kazi hiyo mikononi mwake. Katika nchi zote mbili, mali iliendelea kuwa ya umma. Kilichobadilika ni mwendeshaji. Na katika zote mbili ubishi mkubwa ulikuwa juu ya mkataba: nani aliahidi kuwekeza kiasi gani, na nani alikuwa anahesabu.

26/ Kwa hivyo msimamo wangu ni upi? Baada ya kusoma haya yote, naamini umiliki una uzito, hasa kwa nyaya na mabomba. Huwezi kuwa na mabomba mawili yanayoshindana mtaa mmoja, na kitu kisicho na mshindani ni hatari kukiacha kwa anayetafuta faida peke yake. Lakini umma usiodhibitiwa nao unageuka shamba la wakubwa. Nikilazimishwa kuchagua kati ya shirika la umma lisilokaguliwa na la binafsi lisilokaguliwa, nitasema nyinyi nyote mnaniuliza swali baya.

27/ Mgombea akija kwenu na "tutauza" au "hatutauza", muulizeni haya:
– Unauza nini hasa: mali, uendeshaji, ama hisa chache?
– Mkataba utawekwa wazi kabla ya kusainiwa?
– Bei itapangwa na nani, na huyo anaweza kufutwa kazi na nani?
– Nyumba ya mwisho juu ya kilima, ambayo haina faida, nani atailipia?
– Kaunti ikipoteza karibu nusu ya maji, nani anawajibika kwa jina la cheo chake?

28/ La nne ndilo la kushikilia. Kuanzia jenereta ya Sultani mpaka leo, aliyeachwa nyuma ni yule yule, awe mwenye mali ni mfanyabiashara, mkoloni ama serikali. Alifikiwa pale tu ambapo sheria ilimlazimisha mtu kumfikia na pesa ikatengwa. Asiyekuwa na jibu la swali hilo hana sera ya stima wala ya maji.

29/ Nimemaliza. Nikikosea mahali nirekebisheni, ndiyo tunajifunza. Na usiku huu ukinunua tokeni, kabla ya kufuta meseji, isome yote mpaka chini.